Kiti Pembeni mwa Mikeka

Nyumbani kwa wakwe zangu, kwenye msiba, mwanamke hukaa chini. Hakuna aliyewahi kunitamkia jambo hilo kama amri; ni kitu unachokiona tu ukifika. Wanaume wako kwenye viti vya plastiki na mabenchi chini ya turubai, wanawake wako kwenye mikeka, miguu imenyooshwa, kanga zimefungwa kiunoni, na walio wazee zaidi wanaegemea ukuta. Mke wa mtoto wa nyumba hiyo hukaa karibu na mlango, kwa kuwa ndiye anayewapokea wanaoingia wakilia. Nilipoolewa, nikitokea Kagera, ambako nako wanawake wa msibani hukaa chini, sikuona jambo la ajabu. Nilikaa kwenye msiba wa baba mkwe, nikakaa kwenye misiba ya majirani na ya ndugu ambao sikuwa nimewahi hata kuwaona wakiwa hai, na mwili wangu haukuwahi kunisumbua.

Mama mkwe alipofariki, nilikuwa siwezi tena kukaa chini. Na sababu yake sikuwa nimemwambia mtu yeyote pale, hata mwanawe, mume wangu.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Mwaka hadi mwaka nimechora mfuko wa uzazi ubaoni kwa chaki nyeupe, nikaandika majina ya sehemu zake kwa chaki ya rangi, nikawakemea wanafunzi wanaocheka nyuma ya darasa. "Ni mwili," huwaambia. "Ni kama mnavyojifunza figo." Lakini miaka mingi baada ya kuzaa mtoto wangu wa tatu, aliyekuwa mkubwa na aliyekawia kutoka, siku nilipokuwa naoga na mkono wangu ukagusa kitu laini mahali ambapo hapakupaswa kuwa na kitu, nilikwenda hospitali nikiwa sina neno hata moja. Muuguzi aliniuliza shida yangu ni nini. Nikamjibu, "Huku chini." Akauliza chini wapi. Nikasema tena, kwa sauti ndogo zaidi, "Huku chini."

Kizazi kilikuwa kimeshuka. Daktari bingwa aliyenifanyia upasuaji alinieleza kwamba nyama zinazokishikilia zimelegea, na kwamba angeniwekea wavu wa kuzisaidia. Alinionyesha kipande chake: cheupe, chembamba, cha plastiki, chenye vitundu vidogo vidogo. Nyama ingemea kupitia vile vitundu, alisema, na vitu hivyo viwili vingeshikana. "Baada ya muda utasahau kwamba upo." Mume wangu alikuwa pembeni yangu siku hiyo, ameshika mkoba wangu kwa mikono miwili kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu.

Nataka kutenda haki katika maelezo haya. Kwa miaka kadhaa daktari yule alikuwa sahihi, na mimi kweli nilisahau. Nilibeba ndoo. Nilicheza kwenye mahafali ya binti yangu mkubwa mpaka nikavua viatu. Nilipanda pikipiki kutoka Kisesa hadi Bujora na wanafunzi wangu waliokuwa wanakwenda kutembelea makumbusho, nikashuka nikicheka. Mwili wangu ulikuwa umerudi kuwa kitu ambacho mtu hakifikirii.

Kisha ukaanza kujikumbusha. Kwanza yalikuja majimaji, halafu matone ya damu yasiyofuata mwezi, wakati mimi siku za mwezi nilikuwa nimekwisha kuagana nazo. Halafu yakaja maumivu ya kukaa, hasa upande wa kushoto, kama mtu aliyekalia ukingo wa bati. Kazi yangu ilinisitiri, kwa sababu mwalimu husimama. Katika ofisi ya walimu nilijizoesha kusahihisha madaftari nikiwa nimeegemea kabati, na wenzangu wakadhani nina haraka ya kurudi darasani.

Kulikuwa na harufu pia. Labda ilikuwa ndogo. Labda niliisikia mimi peke yangu. Lakini nilianza kujipa sababu za kwenda sokoni Mwaloni kununua dagaa, hata wiki ambazo nyumbani tulikuwa na dagaa wa kutosha, kwa kuwa pale, kati ya magunia na samaki waliokaushwa, hakuna binadamu anayeweza kumnusa mwenzake. Nilikuwa natembea kati ya wauzaji polepole, nikiuliza bei ya vitu nisivyovitaka, na kwa muda huo mfupi nilipumua kama watu wengine. Mume wangu alifungua kabati la jikoni siku moja akauliza kama tunafungua duka.

Na lilikuwepo lile ambalo lilinifunga mdomo kuliko yote. Siku moja tulipokuwa pamoja kama mume na mke, alijitoa ghafla akasema, "Kuna kitu kimenichoma." Hakuwa amekasirika. Alikuwa ameshangaa. Nilimwambia labda ni ukavu wa umri. Tangu siku hiyo nikawa na mgongo: mgongo unaouma, mgongo unaotaka godoro gumu, mgongo unaolala peke yake katika chumba cha binti aliyekwenda chuo. Hakuniuliza. Nilishukuru kwamba hakuniuliza, na wakati huohuo kutoniuliza kwake kuliniumiza.

Nilikwenda hospitali nyingine hapa mjini, mahali nisipojulikana. Daktari alikuwa msichana wa umri ambao ningeweza kuwa nimemfundisha, na nikiwa nimelala pale kitandani niliomba Mungu nisiwe nimemfundisha. Alinipima kwa upole.

"Mama, wavu umetokeza," alisema. "Ukingo wake umekata nyama, uko nje."

"Unaweza kuurudisha?"

"Haurudishwi. Nitakupa krimu ya kupaka kwanza. Lakini nionavyo tutahitaji kuutoa, wote au sehemu. Na kuutoa ni kazi kubwa kuliko kuuweka, kwa sababu nyama imeshamea ndani yake." Alivua glovu akanitazama. "Baba anajua?"

"Anajua."

"Basi njoo naye. Kuna mambo ya kuamua ambayo ni ya wote wawili."

Sikurudi. Krimu iliisha, matone yakaendelea, na kila nilipopanga siku ya kumwambia mume wangu nilijiona nikifungua mdomo na kutoa maneno ya ubaoni, na yeye akinisikiliza kama mwanafunzi wa nyuma ya darasa. Hali ilikuwa hivyo simu ilipopigwa kutoka Magu, kwa wakwe zangu, kwamba mama ametutoka.

Tulifika kijijini kutoka kwetu Buswelu jua likiwa kali. Nililia kama wanavyolia wote, na nililia kwa kweli, kwa kuwa mama yule alinipenda. Kiunoni nilikuwa nimefunga kanga aliyonipa nilipojifungua mtoto wa kwanza, ya njano, iliyokuwa imepauka kwa kufuliwa. Halafu wanawake wakanisogezea nafasi yangu mkekani, karibu na mlango. Niliitazama ile nafasi. Nikageuka, nikavuka uwanja hadi upande wa wanaume, nikachukua kiti kimoja cha plastiki kilichokuwa wazi, nikakibeba mwenyewe mpaka pembeni mwa mikeka, nikaweka juu yake mto niliotoka nao kwenye gari. Nikakaa.

Dada yake mume wangu, mkubwa wao, ndiye aliyezungumza kwanza.

"Wifi, safari imekuchosha?"

"Mgongo, dada. Unanisumbua siku hizi."

"Pole na mgongo."

"Ni mgongo wa kusahihisha mitihani," mtu alisema kutoka nyuma, na wengine wakacheka chini chini.

Mimi natoka Kagera, na kila Mtanzania anajua tunavyosemwa: kwamba sisi ni nshomile, watu waliosoma, kwamba tunajiona, kwamba hatuwezi kuomba maji bila kutaja shule tuliyosoma. Kwa miaka yote ya ndoa yangu nilijitahidi kuwakanusha. Nilisaga, nilichota, nilikoroga sufuria za ugali wa msiba kwa mwiko mrefu kama kasia. Sasa nilikuwa nimeketi juu ya vichwa vya mama zangu na shangazi zangu, juu ya mto, na kila kitu kilichowahi kusemwa kuhusu sisi kilikuwa kimethibitishwa. Ningeweza kuyafuta yote kwa sentensi moja. Nilichagua waniite mwenye majivuno.

Siku ya maziko alikuja mtani.

Kwa asiyejua, mtani wa ukoo ana ruhusa msibani ambayo hata padri hana. Anaweza kumsema marehemu mbele ya jeneza, anaweza kuficha majembe ya wachimba kaburi mpaka apewe kitu, na ni mwiko kumkasirikia. Mtani wa ukoo wa mume wangu ni mama wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Aliingia akiigiza jinsi mama mkwe alivyokuwa akiita kuku wake na kuwagombeza mmoja mmoja, na wanawake waliokuwa wamekauka kwa kulia wakacheka mpaka wakalia upya. Mimi pia nilicheka. Hapo ndipo aliponiona.

"Na huyu ni nani aliyekaa juu? Mkuu wa wilaya?"

"Ni mke wetu wa Buswelu, yule wa Kagera," akajibiwa.

"Alaa! Nshomile!" Aliniinua kwa mkono, kwa adabu ya kejeli, akakalia kiti changu. Lakini hakukikalia hivi hivi. Alikalia tako moja, lile la kulia, akaliacha la kushoto likining'inia hewani, akabana midomo, akashikilia ukingo wa kiti kwa vidole. Alikuwa ameniangalia vizuri. Ndivyo hasa nilivyokuwa nikikaa, na sikujua kwamba inaonekana. "Jamani, mniwie radhi," alisema kwa sauti ya puani, akidhani ndiyo lafudhi ya kwetu. "Matako yangu yamesoma. Hili hapa lina digrii. Hili jingine bado linasubiri matokeo."

Mikeka yote ililipuka. Bibi mmoja asiye na meno alijipiga mapaja. Upande wa pili wa uwanja wanaume waligeuka kutazama, na nilimwona mume wangu akifunika uso kwa kiganja, mabega yakitikisika. Alikuwa anacheka siku ya kumzika mama yake, na alistahili kicheko hicho. Nilimwonea wivu.

Kisha mtani alishuka kwenye kiti, akaelekea mlango wa chumba alimolazwa marehemu, na sauti yake ikabadilika, ikawa karibu ya kweli. "Mayu, mama yangu, umeona? Wewe umelala chini, mkaza mwana wako yuko juu."

Nilikaa chini.

Sitaki kuyakuza maumivu yale. Nilikaa kwa kupinda miguu upande, nikajaribu kuegemea mkono, nikajaribu kunyoosha miguu kama wenzangu. Nilihesabiwa kuwa nimetubu. Dada yake mume wangu alinipapasa goti, akasema, "Sasa umekuwa wetu," na kwa upole wake huo machozi yalinitoka, na watu wakajua ni ya msiba. Nilikaa hivyo muda wote wa kuaga, muda wote wa nyimbo za wanakwaya, mpaka padri alipotokea mlangoni na jeneza nyuma yake, na wanawake wote tukatakiwa kusimama.

Niliposimama nilijua. Kitu cha vuguvugu kilikuwa kimepita pedi, kimepita gauni, na kanga ya njano ya mama mkwe ilikuwa imenigandia nyuma. Mbele yangu kulikuwa na padri, wanakwaya, wabeba jeneza, shemeji zangu. Nyuma yangu kulikuwa na wanawake wote wa ukoo, wanainuka mmoja mmoja, wanajipangusa vumbi, na macho yao yako sawa na kiuno changu.

"Simama hapohapo!" Ilikuwa sauti ya mtani, nyuma yangu kabisa. "Huyu hatoki bila faini! Amekaa juu tangu juzi, leo ndiyo ameshuka kwa kuburuzwa. Faini!"

Kabla sijageuka mikono yake ilikuwa imenizunguka. Alinivika kitenge chake kizito, cheusi, juu ya kanga yangu, akakifunga kwa nguvu, na kwa chini yake akaivuta kanga ikateleza kutoka, akaikunja kwa ndani, akaibana kwapani. Yote yalifanyika katikati ya kelele zake. Karibu na sikio langu alisema kwa pumzi tu, "Nyamaza. Tembea nyuma yangu." Halafu akapaza sauti kwa uwanja mzima: "Nimechukua kanga ya mkaza mwana! Akiitaka aje aikomboe kwa jogoo!"

Watu walicheka tena, na msafara ukaenda makaburini. Nilisimama kando ya kaburi la mama aliyenipenda nikiwa nimevaa kitenge chenye harufu ya moshi na ugoro wa mtu mwingine, nikatupa udongo wangu, na sikumfikiria marehemu hata kidogo. Nilikuwa nafikiria kwapa la mwanamke yule na kilichobanwa ndani yake. Aibu yangu, niliyoifuga peke yangu kwa muda mrefu, ilikuwa sasa mikononi mwa mtu ambaye kazi yake ni kuwachekesha watu.

Tuliporudi Buswelu mume wangu hakuisahau ile kanga. Ilikuwa zawadi ya mama yake, na ya mtani hayaachwi hewani. Jumamosi iliyofuata alinunua jogoo, akamfunga miguu, akamweka nyuma kwenye gari, tukaondoka. Alikuwa mchangamfu kuliko nilivyomwona tangu tulipopata taarifa ya kifo.

"'Hili jingine linasubiri matokeo,'" alirudia, akicheka peke yake. "Mama angekuwepo angelazwa hospitali kwa kicheko. Lakini mke wangu, kwa nini usingekaa tu chini tangu mwanzo?"

Tulikuwa tunakaribia Kisesa. Nilijua kwamba ama ningesema mimi, ama angesikia mbele yangu kutoka kwa mtani, na kwa namna ya utani. Nilimwomba asimamishe gari. Alisimamisha pembeni, akazima injini, akanitazama akidhani nataka kutapika.

Nilianza, kama nilivyoogopa, kwa maneno ya ubaoni. Nilisema ukuta. Nilisema tishu. Yeye ni mhasibu. Alinisikiliza kwa heshima na bila kuelewa. Mwishowe nikasema, nikiangalia dirishani, "Ule wavu umetoka. Ndio uliokuchoma. Natokwa damu, na ile kanga mtani hakuichukua kwa utani."

Jogoo alipiga mabawa nyuma. Mume wangu aliweka mikono yote miwili kwenye usukani ingawa gari lilikuwa limesimama.

"Nilikwenda kupima," alisema.

"Kupima nini?"

"Kila kitu. Baada ya siku ile. Nilipata kidonda kidogo. Nikasema labda nimeugua, au labda… Majibu yalikuwa salama. Halafu ukahamia chumba kile, nikasema basi, amejua kwamba nilimfikiria vibaya. Nikashindwa kukuuliza."

Hatukutazamana. Nilitamani niseme nimekasirika kwamba aliwahi kunidhania hivyo, na ningekuwa na haki. Lakini nilichokihisi ni aibu tu, aibu yangu na ya kwake zikiwa zimekaa pamoja ndani ya gari dogo kama wageni wawili waliokutana kwa bahati mbaya mlangoni. Baadaye alisema, "Shuka tubadilishane. Kiti changu kinalala nyuma zaidi." Nikaendesha mimi mpaka Magu, nikiwa nimejilaza kidogo, uzito wote umekwenda mgongoni.

Mtani alimpokea jogoo, akamgeuza geuza hewani. "Mwembamba hivi? Au na yeye alikuwa anasoma?" Alimtuma mume wangu akamfungue na kumtafutia mahali pa kulala, kisha akaniita ndani. Kanga ilikuwa juu ya kitanda, imefuliwa, imepigwa pasi ya mkaa, imekunjwa mraba. Doa halikuwepo. Nilitafuta mahali lilipokuwa, sikupaona.

"Ni kizazi?" aliuliza, safari hii kwa sauti yake ya kawaida, ambayo sikuwahi kuisikia.

"Kilishuka. Wakakipandisha kwa wavu."

"Wavu?"

"Wavu."

Nilisubiri acheke. Mtu mwingine yeyote angecheka ningemsamehe, si yeye. "Na wavu nao umekukataa," alisema.

"Wengine hauwakatai," nilijibu, kwa sababu ni kweli.

Alinipa kanga kwa mikono miwili. "Ningejua, ningekuchekea kitu kingine. Wewe una mengi ya kuchekwa."

Nilirudi kwa yule daktari msichana, na mume wangu akiwa nami, ameshika mkoba. Alipotuuliza tangu lini, mume wangu alijibu kabla yangu, akataja siku ile ya kuchomwa bila kupepesa macho, na mimi ndiye niliyeinamisha kichwa. Walinipasua mara mbili. Wavu haukutoka wote. Vipande vilivyokuwa vimeshikana na nyama karibu na kibofu viliachwa, kwa kuwa kuving'oa kungeharibu zaidi, na daktari alinionyesha vile vilivyotoka, vikiwa ndani ya chombo: vimekunjamana, vigumu, havifanani tena na kile kitambaa cheupe nilichoonyeshwa mwanzo. Damu ilikoma. Harufu, kama ilikuwepo, ilikoma. Maumivu ya kukaa yamepungua na hayajaisha, na siku hizi nikikohoa naangalia kwanza nimesimama wapi. Kizazi chenyewe kimeanza kushuka tena kidogo. Kinashikiliwa na pete ya mpira ambayo naivua na kuisafisha mwenyewe, nimejifungia bafuni, ingawa hakuna mtu ndani ya nyumba ambaye hajui ninachofanya. Nimerudi chumbani kwetu. Tunaongea zaidi kuliko tulivyokuwa tukiongea, na mengine hatujayafikia.

Nilidhani kwamba jambo likishasemwa aibu yake huondoka. Haikuondoka. Bado nachora ubaoni, bado nawaambia wanafunzi ni mwili tu, na mgongo wangu ukiwa umewageukia, nikifika kwenye ile misuli ya chini inayoshikilia kila kitu, uso wangu hupata moto na chaki yangu hukimbia.

Mwaka ulipotimia tulikwenda kulijengea kaburi la mama mkwe. Ilikuwa misa, kisha chakula, na mikeka ilitandikwa kama siku ile. Njiani nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba nitasimama. Ningejifanya nasaidia jikoni, ningezunguka na birika la kunawisha mikono, ningepita siku yote kwa miguu. Nilikuwa sijaingia hata uwanjani niliposikia sauti ile ya ng'ambo ya mto.

"Pisheni! Pisheni njia! Matako ya chuo kikuu yamefika!"

Alikuwa amesimama karibu na mlango, mahali pa mke wa nyumba, na mbele yake kulikuwa na kiti cha plastiki, na juu ya kiti kulikuwa na mto. Wanawake walianza kucheka, wakapisha. Wote walicheka, kwa sababu ilichekesha, na kwa sababu walikuwa wanangoja tangu mwaka jana waisikie tena. Hakuna aliyejua kitu zaidi ya hicho. Ng'ambo ya uwanja, chini ya turubai, mume wangu peke yake hakucheka. Alikuwa ameangalia viatu vyake.

"Kaa, nshomile," mtani alisema. "Matokeo yametoka?"

"Nusu nusu," nilisema.

"Basi kaa nusu nusu."

Nikakaa, uso ukiniwaka. Watu walianza kuingia, na kama ilivyo desturi walipita kwanza kwangu kutoa mkono, wengine wakipiga magoti, mabibi wakininyooshea mikono kutoka mikekani walipoketi. Shikamoo zangu ziliwashukia wakubwa zangu kutoka juu, jambo ambalo mama yangu mzazi angenichapa kwa ajili yake. Nilishika ukingo wa kiti kwa mkono mmoja, na kwa kila aliyekuja niliinama mbele, kadiri mwili ulivyoniruhusu, hadi mikono yetu ikakutana.